Stima ya Uso

Kabla sijawa mtu wa kutengeneza nyuso za wengine, uso wangu mwenyewe ulikuwa kazi ya mji mzima. Nilianza kupata chunusi nikiwa darasa la saba, na zilikataa kuondoka hata nilipoolewa, hata nilipozaa mara mbili. Nina duka la madera na leso hapa Isiolo, karibu na soko, na kila mwanamke aliyeingia kununua dera aliniachia ushauri juu ya bei. Mmoja aliniambia nioshe uso kwa maziwa ya ngamia. Mwingine aliniambia niache kabisa kunywa maziwa ya ngamia. Siku moja mzee aliyekuja kumchagulia mke wake leso aliniangalia kwa huruma, akasema, "Pole, mama. Ni nyuki?"

Swali la mzee huyo ndilo lililonipeleka Nairobi. Nilimwachia mama yangu duka na watoto, nikaenda kusoma kozi fupi ya mambo ya ngozi, wiki tatu, katika chumba kilichokuwa ghorofa ya nne ya jumba lisilo na lifti. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye ngozi laini hata ukimwangalia unaona haya. Siku ya kwanza alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama anayechagua nyanya, kisha akawaambia wenzangu, "Huyu atatusaidia sana." Basi wenzangu wakanifanyia mazoezi kwa zamu, na mimi nikawa nalipia kozi ya kuwa kitabu cha kiada.

Wiki ya pili mwalimu alileta sanduku dogo. Ndani mlikuwa na mkono wa plastiki wenye waya, na vioo vya kila umbo vimelazwa kwenye sponji: kimoja kama uyoga, kimoja kama kitana, kimoja kinene kama rungu, chenye waya uliojikunja ndani yake. Unachomeka kioo kwenye ule mkono, unawasha, na kioo kinawaka rangi ya zambarau huku kikivuma kama friji mbovu. Mwalimu aliiita mashine ya hai-frikwensi. Alisema stima yake hukimbia upesi mno hata mwili hauna nafasi ya kuumia.

"Lakini ngozi si moja," alisema, na hapo akatuandikisha kurasa na kurasa. Ngozi ya mafuta, kama yangu, unaipitishia kioo moja kwa moja juu ya kitambaa chembamba, dakika tano mpaka nane, na ukikutana na chunusi iliyoiva unakiinua kioo kidogo ili cheche iruke na kuikausha. Ngozi nyeti, ile inayowashwa hata na sabuni ya mtoto, ni dakika mbili au tatu tu, nguvu ikiwa chini kabisa, tena kwa kioo kinachowaka rangi ya chungwa. Na ngozi kavu haifai kuguswa na kioo hata kidogo.

"Sasa inaguswa na nini?" nikauliza.

"Inaguswa na wewe."

Akatueleza. Mteja mwenye ngozi kavu anashika lile rungu la kioo mkononi. Stima inaingia mwilini mwake polepole, yeye haisikii. Wewe umempaka krimu usoni na unamkanda kwa vidole, na stima inatoka usoni kwake kuja vidoleni mwako. Damu inakimbia juu, ngozi inaamka, krimu inazama. Ila kuna masharti. Asivae chuma wala dhahabu. Asipakwe kitu chenye spiriti, kinaweza kushika moto. Asiwe mjamzito, asiwe na kifafa, asiwe na kile kidude cha moyo. Ukishaanza, usiondoe mikono yote miwili usoni mpaka mashine izimwe. Na mtu wa tatu asimguse mteja. Hilo la mwisho alilisema mara tatu. Mimi niliandika mara moja, tena pembeni mwa ukurasa.

Nilirudi Isiolo na mashine yangu, nikakata nyuma ya duka kwa pazia la maua, nikaweka kitanda chembamba na taa. Mwezi mzima hakuja mtu. Watu walikuwa wamesikia kwamba nimeleta kitu cha kupiga watu stima ya uso, na jina hilo likaganda: stima ya uso. Waliokuja dukani walinunua leso huku wameliangalia pazia kwa jicho la pembeni, kana kwamba nyuma yake nimefunga fisi.

Basi nikajitengeneza mwenyewe. Kila baada ya siku mbili nilikaa mbele ya kioo, nikapitisha uyoga wangu wa zambarau kwenye paji na mashavu. Mama yangu alikaa upande wa pili wa pazia akilalamikia harufu. Ni kweli mashine ile ina harufu yake, harufu ya hewa baada ya radi kupiga karibu. Baada ya wiki kadhaa chunusi zilianza kukauka, moja baada ya nyingine, na wanawake wa Isiolo, walioujua uso wangu kama wanavyoijua njia ya sokoni, wakaanza kupotea. "Wewe ni yule wa madera au ni dada yake?" waliuliza. Kutoka hapo wateja wakaja.

Mafanikio yalinipanda kichwani. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja na ngozi kavu ya kupigwa na vumbi, na mimi, badala ya kufungua daftari langu, nikamfanyia kama nilivyojifanyia mimi: kioo moja kwa moja, dakika nane kamili, na mbili za urafiki. Siku ya tatu uso wake ulianza kubambuka kama chapati. Alivaa barakoa darasani wiki nzima na kuwaambia wanafunzi ana homa. Nilienda kwake kuomba radhi nikiwa na chupa ya mafuta ya nazi na kuku mzima. Alimpokea kuku, akasema, "Uso wangu hukuuuliza chochote. Ungeuuliza."

Tangu siku hiyo nauliza. Niliandika maswali yangu kwenye karatasi nikaibandika ukutani, na hakuna anayelala kwenye kile kitanda bila kuyajibu. Hata hivyo si kila kitu kimo kwenye karatasi. Mama mmoja wa Sericho, aliyekuja mjini kwa mambo ya ngamia zake, alijibu maswali yote vizuri na kutulia kabisa, kisha katikati ya kazi akakaa wima, akanusa hewa, akaanza kutafuta viatu. "Mvua!" akasema. "Niache niende, nimesikia harufu ya mvua!" Alitoka nje akiwa na poda nusu uso. Juu kulikuwa na jua la kukaanga yai. Alisimama pale barabarani akiangalia anga tupu, kisha akarudi kumalizia nusu iliyobaki, na hakunisemesha tena mpaka mwisho, kana kwamba mimi ndiye niliyeizuia.

Mambo yalikuwa yamefika hapo wakati binti ya mjomba wangu alipoletwa kwangu kutoka Biliqo.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili, anafundisha watoto wa chekechea huko kwao, na alikuwa anaolewa na kijana wa Chechelesi, mji huuhuu wetu. Familia ya kijana ni watu wa malori. Mababu zao waliletwa huku kama askari zama za Waingereza, na baada ya bunduki wakashika usukani. Kijana alikuwa akipeleka unga na sukari upande wa Merti, lori likamharibikia Biliqo, akakaa siku nne akingoja kipuri, na siku ya nne hakutaka tena kipuri kifike. Mama yake alikuwa na wasichana wake wa mjini aliokwisha kuwapanga kichwani. Alimkubali huyu wa Biliqo kwa mdomo, lakini macho yake yalikuwa bado yanajadiliana.

Mke wa mjomba alinipigia simu kabla ya kumtuma binti. "Nimekupa uso wa mtoto wangu," akaniambia. "Unirudishie ukiwa mzuri kuliko ulivyokuja." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Hilo ni jambo ninalolisema haraka sana.

Binti mwenyewe alikuwa mpole, mrefu, haongei mpaka aulizwe, na ukimwuliza anakujibu kwa maneno matatu. Upepo wa kule kwao ulikuwa umemkausha uso, ukipitisha ukucha shavuni ungeweza kuandika jina. Nilisoma daftari langu mara mbili. Ngozi kavu: rungu la kioo, krimu, vidole. Tulikuwa na wiki mbili, nikapanga tufanye siku moja, tupumzike siku moja.

Aliipenda ile kazi. Alilala na rungu lake mkono wa kushoto, chini ya leso, macho amefumba. "Unasikiaje?" nilimwuliza.

"Kama mguu uliokufa ganzi ukirudi," akasema. "Lakini tamu." Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoniambia wiki ile.

Siku ya nne ya kazi, kabla ya adhuhuri, mama yangu alikuwa ametoka kwenda kununua mboga. Dukani mbele hapakuwa na mtu. Nilikuwa nyuma ya pazia, mikono yangu yote miwili imezama kwenye krimu kwenye mashavu ya binti, mashine inavuma. Nikasikia sauti nzito ya mwanamke: "Salaam aleikum! Kuna watu?"

Niliitambua sauti ile. Ilikuwa ya mama wa yule kijana, mkwe mtarajiwa wa binti. Baadaye nilijua ameambiwa sokoni kwamba mkaza mwana wake anakaangwa na stima, na alikuwa amekuja na mkebe wa qasil, ule unga wa kijani wa majani ambao wanawake wa kwao wameupaka usoni tangu zamani, aniambie kwa heshima kwamba kazi hii ina wenyewe.

"Aleikum salaam, mama! Ngoja kidogo tu!" nikapaza sauti. Swichi ilikuwa upande wa pili wa kitanda. Nikamnong'oneza binti, "Usiinuke. Usifanye kitu."

Lakini binti alikuwa amelelewa vizuri, na msichana aliyelelewa vizuri haendelei kulala mama mkwe akiingia. Pazia lilifunguka. Yule mama akasimama pale, mwili mkubwa, harufu ya uvumba wa uunsi imemtangulia, bangili za dhahabu mpaka karibu na kiwiko na pete kwenye kila kidole chenye nafasi. Binti akaketi, vidole vyangu bado vimemng'ang'ania usoni, rungu bado liko mkono wa kushoto chini ya leso. Akanyoosha mkono wa kulia kuushika mkono wa mkwe wake aubusu.

Ta!

Cheche ya buluu iliruka kutoka kidole chake mpaka kwenye pete. Haikuwa kubwa, lakini pale nyuma ya pazia niliiona kubwa kama ya mchomelea vyuma.

"Yaa Allah!" alipiga kelele yule mama. "Ameniuma!"

Binti akaogopa kwamba mkwe anaanguka, akamshika bangili ili kumzuia. Ta! Ta! Yule mama akarudi nyuma, akatafuta kitu cha kujishikilia, akanipata mimi begani. Sasa tukawa watatu tumeshikana, na sijui stima ilimpitia nani ikaenda kwa nani, ila wote tulipiga kelele kwa lugha tatu tofauti. Kisha akageuka kukimbia. Hakuuona mlango wa pazia, akapita katikati yake, misumari ikang'oka, na alitoka dukani kwangu akiwa na pazia la maua begani kama bwana harusi na kilemba chake. Alipofika barabarani alisimamisha tuktuk. Nyuma yake alibakisha mkebe wa qasil na kiatu kimoja.

Nilizima mashine. Binti alikuwa ameketi vilevile, uso unang'aa kwa krimu.

"Dada," akasema, "nimefanya makosa?"

Nikamwambia hapana, makosa ni yangu, na hapo nikakumbuka yale maneno niliyoyaandika pembeni mwa ukurasa.

Isiolo ni mji mkubwa kwa watu lakini mdogo kwa habari. Mpaka alasiri watu watatu walikuwa wamepita dukani kuuliza kama ni kweli msichana wa Biliqo ana moto kwenye vidole. Kisha kijana mwenyewe akapiga simu. Alikuwa njiani na lori, nikimsikia anajaribu kuelewa. "Mama anasema ameumwa mara tatu," akasema. "Anasema ni jini, si mtu. Anataka harusi ingoje mpaka mjomba aje amsomee."

Mjomba huyo ni ndugu mdogo wa yule mama, mwalimu wa madrasa. Nilijaribu kumweleza kijana habari za rungu na vidole, lakini mawasiliano yalikatika, na nadhani neno la mwisho alilolisikia lilikuwa "cheche".

Nilikaa juu ya kile kitanda chembamba nikalia. Sikulia kwa ajili ya duka. Nililia kwa sababu nilipewa uso wa mtoto wa watu, na sasa mji mzima ulikuwa unauogopa uso huo. Mama yangu alikuwa amerudi na sukuma wiki yake. Alisimama mahali palipokuwa na pazia, na kwa mara ya kwanza hakusema lolote kuhusu harufu.

Binti ndiye aliyesema. "Hiyo mashine inaingia kwa kikapu?"

"Inaingia. Kwa nini?"

"Kesho twende nayo."

Kesho yake asubuhi tukachukua tuktuk kwenda Chechelesi, yeye na kikapu mapajani, mimi na kiatu kwenye mfuko wa plastiki. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Yeye alikuwa akiangalia nje.

Yule mama alitupokea, maana hawezi kumfukuza mgeni mlangoni, lakini alituketisha ukutani na yeye akakaa ukuta wa pili. Pazia langu lilikuwa limekunjwa vizuri mezani, limefuliwa na kupigwa pasi. Nikatoa kiatu. Akakipokea kwa vidole viwili.

Nikaanza kueleza. Nilieleza ngozi kavu, nikaeleza ngozi ya mafuta, nikaeleza stima inayokimbia upesi. Niliongea mpaka mimi mwenyewe nikaona kwamba kila neno ninalolisema linazidi kunifanya nionekane mganga.

"Dada, tuonyeshe tu," akasema binti.

Akachomeka mashine kwenye soketi. Mimi nikashika rungu, nikabonyeza swichi, nikamwambia, "Sasa niguse kwenye kiwiko. Mama, wewe angalia cheche."

Binti akanigusa. Hakukuwa na kitu. Akanigusa tena, akanidonadona mkono mzima kama kuku. Kimya. Mimi nikazungusha kidude cha nguvu mpaka mwisho. Kimya. Ndipo nikainua macho nikaona feni ya darini inazunguka polepole, polepole, ikasimama.

"Mnaona?" akasema yule mama, na akakaa vizuri kwenye kiti. "Kwa hii nyumba haifanyi. Hapa Kurani inasomwa asubuhi na jioni."

"Mama, stima imepotea," akasema binti.

"Imepotea kwa sababu gani?"

Ikabidi tungoje. Na kwa kuwa mgeni hangoji mkono mtupu, chai ya maziwa ya ngamia ikaletwa, na nyirinyiri, zile nyama ndogo ndogo zilizokaangwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta. Yule mama alimwuliza binti maswali, kwanza kama polisi: baba yako ana mbuzi wangapi, umesoma mpaka wapi, unajua kupika anjera. Binti alijibu maneno matatu matatu. Kisha akaulizwa kuhusu watoto anaowafundisha, na hapo nikamsikia kwa mara ya kwanza akisimulia. Alisema ana mwanafunzi wa miaka minne anayekuja shule na mwanambuzi, na akiita majina asubuhi humwita na mwanambuzi, kwa sababu siku ambayo hakumwita mtoto alilia mpaka saa nne.

"Na anajibu?" akauliza yule mama.

"Nani?"

"Mbuzi."

"Huyo hachelewi kujibu. Wengine ndio wanachelewa."

Mdomo wa yule mama ulitikisika kidogo. Akavuta kiti chake karibu na meza. "Hebu nione hiyo rungu," akaniambia.

Nikampa. Akaligeuza, akachungulia waya wa ndani, akalishika imara kama tochi na kuendelea kuongea huku akilionyesha huku na huku. Mimi nilikuwa nimefurahi sana kumwona amekaribia, hata sikukumbuka kwamba sijazima swichi, na kwamba nguvu ilikuwa bado imezungushwa mpaka mwisho.

Hapo akaingia ndugu yake, yule mwalimu wa madrasa aliyeitwa kumsomea binti. Mtu mrefu, kanzu nyeupe, miwani, kwapani kitabu, mkononi chupa ya maji aliyokwisha kuyasomea. Alitupa salaam sisi wageni kwa mbali, kisha akaenda kwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki, akainama kumbusu kwenye paji la uso kama afanyavyo kila siku.

Feni ikaanza kuzunguka.

Niliona rungu linawaka zambarau mkononi mwa yule mama, chini ya ukingo wa shali yake. Nilifungua mdomo niseme. Midomo ya mwalimu ilikuwa imebakisha nafasi ya unene wa karatasi.

Ta!

"A'udhu billahi!" aliruka nyuma, miwani ikamtoka ikaangukia kwenye kikombe changu cha chai. Chupa ya maji ikabingirika mpaka chini ya kabati. Alishika mdomo wake, akamwangalia dada yake, akaniangalia mimi, akamwangalia binti.

"Dada," akasema polepole, "mliniita nimsomee nani hasa?"

Yule mama aliliangalia rungu. Alikuwa hajasikia kitu chochote, kwa maana anayelishika imara halimfanyi lolote. Akanyoosha kidole kumgusa ndugu yake tena, ahakikishe. Ndugu yake akazunguka meza. Yule mama akamgeukia binti, naye binti akanyoosha kidole chake bila kusita, na kati ya vidole vile viwili cheche ikaruka, ta, ndogo, ya buluu, safi kabisa.

"Ni hii kitu!" akasema yule mama.

"Ni hiyo, mama," nikasema.

"Wallahi ni hii kitu!" Akamgusa binti tena, na tena, na binti akaanza kucheka, na yule mama akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa tumbo, mpaka shali ikaanguka sakafuni. Mimi nilikwenda kwa magoti mpaka kwenye soketi nikaing'oa ile plagi, kwa sababu alikuwa na bangili zake zote na mimi nilikuwa nimeshavunja masharti ya kutosha kwa wiki moja.

Mwalimu aliokota miwani kwenye chai, akaifuta kwa ncha ya kanzu. Kwa kuwa alikuwa ameshafika, aliomba dua, ya heri ya harusi na ya usalama wa nyumba, na alipofika kwenye usalama aliniangalia mimi kwa muda mrefu kidogo. Wakati tunaaga alinifuata mpaka mlangoni. Akapunguza sauti.

"Hiyo mashine," akasema, "inaweza kusaidia hivi vipele vya wembe, hapa shingoni?"

"Inaweza, inshallah. Lakini lazima kwanza nijue. Ngozi yako ni ya aina gani?"

Akafikiri. "Ni ya hapa hapa Chechelesi."

Harusi haikusogezwa hata siku moja. Tulimaliza siku zetu za kazi zilizobaki mlango ukiwa na komeo na mama yangu akiwa amekaa nje ya mlango kwenye kiti kama askari wa benki. Siku ya nikaha binti alikuwa na uso ambao hata mimi, niliyeukanda kwa mikono yangu, niliuangalia kama mgeni. Mama yake alipofika kutoka Biliqo alimshika mashavu, akamgeuza kwenye mwanga, kisha akanishika na mimi mashavu, akaenda kuangalia wapishi.

Wiki iliyofuata mama mkwe alikuja dukani mwenyewe. Safari hii alibisha, akangoja, akavua bangili zote mlangoni na kuzifunga kwenye leso. Nikamsomea maswali yangu ya ukutani. Una presha? Anameza dawa, na daktari anaridhika. Kifafa? Hapana. Kidude cha moyo? Hapana. "Una mimba?"

Akanitazama. "Abaayo, mimi niko na wajukuu saba."

"Lazima niulize, mama."

"Basi andika hapana. Lakini andika pole pole, nifurahie."

Ngozi yake ilikuwa mchanganyiko, pua na paji vina mafuta, mashavu makavu, kwa hiyo alipata kioo katikati na vidole pembeni. Nyumbani anaendelea na qasil yake, nami sijamkataza. Ukweli ni kwamba ule mkebe aliouacha siku ile niliutumia, na ni mzuri.

Binti alipopata mimba nilimnyima mashine miezi yote tisa, na alininunia kama mtoto. Mwezi uliopita tulikaa kwao Chechelesi kwenye akika ya mtoto, wanawake wamejaa sebule mpaka ukumbini, na mama mkwe akaombwa asimulie ile hadithi. Ameisimulia mara nyingi sasa. Kila mara inabadilika kidogo, na siku ile ilikuwa imefika mbali. Katika hadithi ya siku ile yeye alitambua mara moja kwamba ni mashine, alisimama imara, akamtuliza mkaza mwana wake kwa maneno mazuri, na aliyepiga kelele na kukimbia barabarani ni mimi.

Wanawake wote wakanigeukia. Binti alikuwa anamnyonyesha mtoto, na alikuwa ameinamisha kichwa chini kabisa, mabega yanatetemeka.

"Si ni kweli?" akaniuliza mama mkwe, mkono umeshika sinia la nyama, akingoja.

"Ni kweli," nikasema. "Nilikimbia mpaka sokoni."

Akaniwekea kipande kikubwa.